Kwa nini twiga na si simba? Jibu kwa mwalimu wa Buswelu

SWALI: Nafundisha darasa la sita hapa Buswelu, Ilemela, mkoani Mwanza. Tulipofika kwenye alama za taifa, mwanafunzi mmoja aliuliza: kama twiga ndiye mnyama wa taifa letu, mbona kwenye Nembo ya Taifa hayumo, zimo pembe za ndovu tu? Mwingine akadakia kwamba nchi zenye nguvu huchagua wanyama wakali, simba na tai, sisi tukaenda kuchagua mla majani. Wa tatu akataka kujua mbona samaki hachaguliwi na nchi yoyote. Naomba ufafanuzi: mnyama wa taifa anapatikanaje, na hiyo maana yake inatoka wapi?

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi kwako na kwa darasa lako. Watoto hao watatu wameuliza mambo matatu tofauti, na kila mmoja anastahili jibu lake. Nianze na yule wa nembo, maana swali lake likieleweka, mengine yanakuwa mepesi.

Ameona sawasawa: twiga hayumo. Iweke nembo mbele ya darasa muisome pamoja. Kwenye ngao kuna mwenge, kuna bendera, kuna mkuki na shoka na jembe, kuna mawimbi ya maji. Chini ni Mlima Kilimanjaro. Pembeni wamesimama mwanamume na mwanamke, kila mmoja na pembe ya ndovu, na miguuni pao kuna karafuu na pamba. Utepe umeandikwa "Uhuru na Umoja". Hakuna mnyama mzima hata mmoja. Waonyeshe watoto pia kwamba kwao kumo mara mbili: pamba ni zao la Usukumani, na yale mawimbi yanasimama kwa ajili ya bahari na maziwa yetu, Nyanza (Ziwa Victoria) likiwemo.

Twiga alipewa makao mengine. Yuko mkiani mwa ndege za ATCL ambazo watoto wa Ilemela wanaziona zikishuka uwanjani karibu kila siku. Yuko kwenye jina la timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars. Na kwa miaka mingi kichwa chake kilikuwa alama ya maji ndani ya noti zetu, kile kivuli unachokiona ukiinua noti kwenye mwanga kuhakikisha si bandia.

Kuna mnyama wa nembo na kuna mnyama wa taifa, na mara nyingi hawa ni wawili tofauti. Wa nembo huwekwa na sheria, akakaa kwenye mihuri na hati. Wa taifa huweza kuingia kwa mlango wowote: mazoea, michezo, utalii, fedha, mapenzi ya watu. Marekani ndio mfano mzuri kuliko yote. Yule tai wao wa kichwa cheupe aliwekwa kwenye mhuri wa nchi mwaka 1782, dunia nzima ikamjua kuwa ni wao, lakini sheria ya kumtangaza rasmi kuwa ndege wa taifa ilitiwa saini Desemba 2024. Zaidi ya miaka 240 alifanya kazi bila barua ya ajira. Nyati wao mwenye manyoya, bison, alimtangulia: yeye alitangazwa kisheria kuwa mamalia wa taifa mwaka 2016.

Urusi ni kinyume chake. Dubu Warusi walipachikwa na watu wa nje, wachoraji wa magazeti ya Ulaya, na si kwa nia njema. Walitaka kumwonyesha Mrusi kama jitu zito lisilostaarabika. Nembo yao wenyewe ina tai mwenye vichwa viwili. Baadaye Warusi wakamkumbatia huyo dubu, na Olimpiki ya Moscow ya 1980 ikatangazwa duniani kwa sura ya dubu mpole aitwaye Misha. Mnyama yuleyule, maana imepinduka.

Kwa hiyo ukiulizwa maana inatoka wapi, jibu langu ni hili: haitoki kwa mnyama. Watu humvika, wakati fulani, kwa sababu fulani, na wakiamua humvua. Ethiopia ilikuwa na Simba wa Yuda kwenye bendera. Mfalme alipoondolewa mwaka 1974, simba naye akaondolewa. Afrika Kusini kuna springbok, swala ambaye kwa Waafrika wengi alikuwa nembo ya raga ya Makaburu, hata walikuwa wakishangilia timu za wageni. Mwaka 1995 Mandela akaingia uwanjani kwenye fainali ya Kombe la Dunia amevaa jezi hiyohiyo ya springbok. Swala hakubadilika hata unywele. Kilichobadilika ni nani kavaa.

Sasa tuje kwa mtoto wa pili, huyu wa wanyama wakali. Hana haja ya kwenda mbali. Ziwa letu limezungukwa na nchi tatu, na nchi hizo tatu zimejibu swali lake kwa njia tatu.

Kenya ina simba wawili wenye mikuki, wamesimama huku na huku wa ngao. Hapo mtoto atafurahi. Lakini mwambie asogee aangalie katikati ya ngao: kuna jogoo ameshika shoka. Jogoo huyo alikuwa alama ya chama cha KANU kilichoongoza nchi kupata uhuru. Ukiniuliza mimi, jogoo anaeleza zaidi habari za Kenya ya 1963 kuliko wale simba. Simba wamekaa pale kama walinzi wa getini, na utaratibu wenyewe wa kusimamisha wanyama wawili pembeni mwa ngao ni wa nembo za Ulaya. Uingereza, iliyotutawala, ina simba kila mahali, wakati nchi hiyo haijawa na simba wa porini kwa maelfu ya miaka. Simba watatu wa jezi ya England wanatokana na nembo ya mfalme Richard wa Kwanza, karne ya 12. Na anayesimama upande wa pili wa nembo yao ni farasi mwenye pembe moja, alama ya Scotland, mnyama ambaye hajawahi kuwepo popote. Kwa hiyo simba wa kwenye nembo za Afrika wengine wametoka Serengeti, na wengine wametoka London kwa meli.

Uganda wakachagua korongo taji. Yuko kwenye bendera yao tangu tarehe 9 Oktoba 1962, katikati kabisa, na timu yao ya mpira inaitwa kwa jina lake. Huyu hana ukali hata kidogo. Ni ndege wa madimbwi na mashamba ya mpunga, mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na wakati wa kujamiiana dume na jike hucheza: wanainamiana, wanaruka, wanafungua mabawa. Mchoraji amemwinulia mguu mmoja, na Waganda hufundishwa shuleni kwamba ule mguu ni nchi inayopiga hatua mbele. Australia nao wana kangaroo na emu kwenye nembo, wala majani na mbegu hao, na wao husema wamewachagua kwa kuwa ni wanyama ambao kurudi nyuma kwao ni shida. New Zealand wana kiwi, ndege mdogo asiyeruka. Waulize timu za raga zilizokutana na New Zealand kama ziliona udhaifu wowote.

Nasi tuna twiga. Simba kwetu hakusahaulika, yupo kwenye noti ya elfu mbili na sarafu ya mia mbili. Ila tuseme ukweli: simba hapa nchini ana wenyewe. Tangu klabu ya Msimbazi ilipochukua jina hilo mwaka 1971, ukisema "simba oyee" mbele ya darasa lako nusu watashangilia na nusu watazomea. Nadhani umeshajaribu.

Utani huo una jambo la kweli ndani yake. Kwa watawala wa zamani wa eneo hili lote la Maziwa Makuu, simba na chui walikuwa wanyama wa enzi. Ngozi zao zilikuwa za watemi na wafalme. Mtu wa kawaida hakujifunika ngozi ya chui akatembea mtaani. Kongo jirani zetu walilichukua jambo hilo kama lilivyo: Mobutu alivaa kofia ya ngozi ya chui hadi mwisho wa utawala wake, na nembo ya nchi hiyo ya mwaka 2006 bado ina kichwa cha chui. Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1963 ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria, ikaanza kujenga taifa lisilo na kiti cha enzi. Kwa maoni yangu, ndiyo maana twiga alitufaa. Hakuwa mnyama wa mtemi, hakuwa wa chama, hakuwa wa dini. Hakuna aliyeweza kusema "huyu ni wetu, nyinyi mmekopeshwa".

Sifa mnazofundisha shuleni, kwamba anaona mbali, ana amani, ana madaha, si vibaya. Ila ni maana zilizokuja kumfuata. Hata hivyo twiga ana sifa za kumnyamazisha huyo anayemwita mla majani kwa dharau. Moyo wake una uzito wa kilo 11 hivi, na msukumo wa damu yake ni kama mara mbili ya wa binadamu, kwa kuwa damu lazima ipande shingo yote ile ifike kichwani. Shingo yenyewe ina pingili saba tu, sawa na yako. Na simba anayejua kazi yake hamfuati twiga mzima kichwa kichwa. Mama mwenye ndama husimama juu yake, ndama akiwa katikati ya miguu, na teke la mguu wa mbele likimpata simba sawasawa linaweza kumuua. Waliopita barabara ya Mwanza kwenda Musoma na kuingia hifadhini kwa lango la Ndabaka wanajua: twiga hakimbii kukuona. Anasimama, anaacha kutafuna, anakutazama kutoka juu, na ni wewe unayeanza kujisikia umekosa adabu.

Tena twiga ametambulisha Afrika Mashariki ughaibuni kabla hatujawa na bendera. Mwaka 1414 alifikishwa twiga kwenye jumba la mfalme wa China, zawadi kutoka kwa mtawala wa Bengal, na mwaka 1415 akafika mwingine aliyetumwa kutoka Malindi. Wachina walimwona kama mnyama wa baraka wa hadithi zao, anayejitokeza pale tu mfalme anapotawala kwa haki. Mwaka 1827 mtawala wa Misri alimpelekea mfalme wa Ufaransa twiga, akatembezwa kwa miguu kutoka Marseille mpaka Paris, watu wakijipanga barabarani kumwona. Ni mnyama ambaye nchi za mbali zilipigana vikumbo kumwona, naye hakuwa na haja ya kunguruma.

Na huyo tai anayesifiwa? Wapeleke watoto ufukweni asubuhi, upande wa Capri Point au pale panapotazamana na kisiwa cha Saanane. Watamwona furukombe, tai wa samaki: kichwa na kifua vyeupe, tumbo la kahawia, ametulia juu ya jiwe au mti mkavu. Akitaka kulia anarudisha kichwa nyuma mpaka karibu kiguse mgongo. Akimkamata samaki mzito asiyeweza kuruka naye, huogelea naye kwa kupiga mabawa mpaka nchi kavu. Ni jamaa wa karibu wa tai wa Marekani na wanafanana sana. Tena wote wawili wana tabia moja ambayo haiandikwi kwenye nembo: kupora samaki wa ndege wenzao. Benjamin Franklin aliliandikia hilo barua mwaka 1784, akimwambia binti yake kwamba tai huyo ana tabia mbovu, mvivu, anakula jasho la wengine. Zambia wamemweka furukombe kwenye bendera, Namibia na Sudan Kusini kwenye nembo. Lakini nchi tatu za ziwa hili, ambako analia kila asubuhi, hakuna hata moja iliyomchukua.

Kuna jambo hukuuliza lakini ni lazima niliseme, kwani ndilo linaloniuma zaidi. Upande wa pili wa ziwa, Buganda, kila ukoo una mnyama wake wa mwiko: wapo wa simba, wapo wa kima, na ukoo mmoja mkubwa ni wa samaki aitwaye kamongo. Mtu wa ukoo huo hali kamongo, na Wahaya nao wana miiko ya namna hiyo. Huko alama ina gharama: ukiitwa kwa jina la mnyama, humgusi. Mataifa yanapenda jina, gharama yanaiacha.

Morocco timu yao inaitwa Simba wa Atlas, na katika milima ya Atlas hakuna simba tena; wa mwisho anayejulikana kuuawa alipigwa risasi mwaka 1942. Mauritius wana dodo kwenye nembo, ndege aliyekwisha duniani tangu karne ya 17. Sisi tuna pembe za ndovu kwenye nembo, na hesabu za tembo nchini zilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, kwa ajili ya pembe hizohizo. Korongo wa Uganda aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2012, mabonde yake yakikaushwa kwa kilimo. Twiga wetu wa Kimasai naye akaingia kwenye orodha hiyo mwaka 2019. Kumwinda ni kosa kisheria hapa nchini, lakini mitego ya waya haisomi sheria.

Wapo waliolipa gharama. India mnyama wao alikuwa simba, naye kwao amebaki kona moja tu ya nchi, msitu wa Gir. Mwaka 1972 wakapiga marufuku uwindaji wa chui milia, mwaka uliofuata wakaanzisha mradi mkubwa wa kumhifadhi, wakampa na nafasi ya mnyama wa taifa. Alistahili: anapatikana majimbo mengi, kwa hiyo kumlinda yeye ni kulinda misitu ya nchi nzima. Wamarekani nao walikuta mwaka 1963 wamebakiwa na majozi 417 tu ya tai wao, nje ya Alaska, kwa sababu ya dawa ya kuua wadudu ya DDT iliyofanya maganda ya mayai yawe membamba yakavunjika. Wakaipiga marufuku 1972, na mwaka 2007 tai akaondolewa kwenye orodha ya hatari. Sidhani wangelichukia DDT kiasi hicho kama aliyekuwa anakufa angekuwa kunguru.

Kwa zoezi la darasani, Mwalimu, huhitaji picha za kununua. Waambie waje na chenji walizorudishiwa na konda wa daladala. Sarafu ya 50 ina kifaru, ya 100 ina swala, ya 200 simba, ya 500 nyati. Waulize: kwa nini huyu na si yule, nani aliamua, lini, na huyo mnyama yuko wapi leo? Maswali hayo yatawafikisha mbali kuliko kukariri kwamba simba ni nguvu na njiwa ni amani.

Sarafu zitamjibu pia mtoto wa tatu. Samaki amewahi kuchaguliwa, tena na sisi wenyewe: senti tano ya mwaka 1966 ilikuwa na sulisuli. Tatizo lake kwa mtoto wa Mwanza ni kwamba sulisuli ni wa baharini. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Bangladesh wana samaki wa taifa, hilsa. Bahamas wana samaki mkubwa wa marlin kwenye nembo, amesimama upande mmoja na heroe upande wa pili.

Ingekuwa ni kumchagulia Ziwa Nyanza samaki wake, najua wengi wangekimbilia sangara, kwa vile ndiye aliyejenga viwanda na kulipia ada za shule. Lakini sangara ni mgeni. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 wakati wa ukoloni, akawala furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, wengi wao wasiopatikana popote duniani isipokuwa humu. Ugeni wenyewe haumzuii. Waingereza wana simba wa kuazima na hawaoni haya. Sato na dagaa nao watapata watetezi. Mwache huyo mtoto aandae hoja yake aitetee mbele ya wenzake. Kura yangu mimi ingekwenda kwa furu, ingawa najua nikiyasema haya mwaloni Kirumba, akina mama wa meza za sangara hawataniuzia hata kichwa.